Uso Niliomtafutia Mama Lugano

Mzee Ambakisye amezikwa Jumanne, na mimi nimeambiwa Ijumaa. Nilimfokea Subila kwenye simu kana kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yake. "Siku tatu nzima, Subila! Hizo simu mmenunua za kazi gani?" Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa sauti ile ile ya mama yake, "Dada Atu, nisamehe. Watu walikuwa wengi mno, nilijisahau." Nilikata simu nikakaa kitini na viatu vyangu vya kazini miguuni mpaka chai ikapoa. Mezani palikuwa na fomu saba za wanafunzi wangu wa picha na kompyuta waliotoka fildi, zote zinasubiri niziidhinishe. Wananiita mkali, nasikia. Wanasema Madamu Atupele anasoma daftari la fildi mstari kwa mstari kama polisi anasoma maelezo ya mwizi. Waseme tu. Hawajui mimi fomu yangu ilisainiwaje.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa nimekata tamaa kabisa, sipambi maneno. Zilikuwa zama za ruksa. Maduka yalijaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia kwa majina tu, na hapo hapo mashirika yaliyokuwa yakiwapokea wanafunzi yalikuwa yanafunga milango moja baada ya jingine. Nilisoma picha na uchapaji. Ili upate cheti ilibidi ufanye kazi wiki kumi na mbili mahali halisi, chini ya fundi halisi, naye aweke sahihi na muhuri. Kiwanda cha uchapaji nilikopangiwa, meneja alinipokea akiwa amesimama, kwa sababu viti vya ofisi vilikuwa vimeshabebwa. "Binti," akasema, "sisi wenyewe tunapunguzwa. Wewe unakuja kujifunza nini, kupunguzwa?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, nikatoka nje nikalia nyuma ya choo. Nilizunguka hivyo miezi mitano. Wenzangu walimaliza, wakarudi chuoni wanasimulia. Mimi nikaandikiwa barua kwamba napewa nafasi ya mwisho, na nisipoleta fomu iliyosainiwa kabla muhula haujafungwa jina langu litaondolewa. Mwalimu mmoja alinihurumia. Akaniandikia kikaratasi kwa fundi aliyefanya naye kazi zamani, ana studio Kyela, Mbugani. "Sijui kama bado yuko hai," akaniambia. Nikaenda hivyo hivyo.

Mzee Ambakisye alikuwa hai. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la suti juu ya kaptula, na alisoma kikaratasi changu akiwa amekisogeza mbali na macho. Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ukutani alikuwa amechora kwa mkono wake jokofu, redio ya kaseti na ngazi za ghorofa zisizokwenda popote, na watu wa Ndandalo na Ngonga walikuja kusimama mbele ya hilo jokofu wamenyoosha mikono kama wanajeshi. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha giza, na nyuma ya chumba cha giza stoo, na kwenye stoo nikatandikiwa mkeka. Joto la Kyela mtu asikuhadithie. Mvua inanyesha, inakatika, na jasho linaendelea palepale. Harufu ya dawa za kusafishia picha ilinikaa kooni, na kila nilichokula kilikuwa na ladha yake: wali, samaki mbasa wa kuchemsha, hata ndizi za Mama Subila, mke wake, ambaye alinipakulia kana kwamba nimetoka jela. "Kula, mwanangu. Mwanamke mwenye mifupa anatisha wateja." Wateja wenyewe wako wapi? Wafanyabiashara wa ng'ambo ya Songwe, wenye vitenge na sabuni na ndugu kila upande wa mto, walikuwa wameshaonja picha za rangi. Niliwasikia wakisimama kizingitini. "Ya rangi ipo?" Mzee anajibu, "Ya rangi mkanda unakwenda Mbeya na basi, unarudi wiki ijayo." Nao wanasema haya, asante, na unasikia ndala zao zinaondoka.

Kilichonitesa ni kwamba hakuniruhusu kugusa kitu. Daftari la fildi lilikuwa na mstari kwa kila siku: kazi uliyofanya leo. Jumatatu nimefagia. Jumanne nimefagia. Jumatano nimefagia, nimefuta vumbi kwenye kamera. Wiki sita! Nilikuwa naona kabisa mwalimu atakavyolifungua na kuuliza kama nilikwenda kusomea uyaya. Nikimwomba Mzee anipe kazi anasema, "Tazama kwanza." Nitazame nini? Nilitazama makopo. Stoo ilikuwa na makopo makubwa ya biskuti kumi na mawili, yamejaa negativu za miaka yake yote, kila mkato wa filamu wenye picha kadhaa umefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari la shule. Hakuna namba. Hakuna jina wala tarehe. Juu ya karatasi palikuwa na michoro ya penseli tu, hapa baiskeli, pale vijiti vitatu, pale mkungu wa ndizi, nami nikaamini ni michezo ya Subila alipokuwa mdogo. Mteja akija kutaka nakala, Mzee haulizi jina. Anauliza, "Ulikuja na nani siku ile?" na "Mlikuwa mmetoka wapi?" Mtu anajieleza, mara nyingine dakika kumi, nani alikuwa na kidonda cha mguu na nani alichelewa. Mzee anaingia stoo na kutoka na negativu. Mimi nikaona huo ni ushamba. Chuoni tulifundishwa namba, rejesta, ukubwa wa filamu. Nilijiambia, hapa ndipo nitakapopata cha kuandika.

Basi Mzee akafiwa na binamu yake Ndandalo. Msiba wa kwetu si wa kwenda asubuhi kurudi jioni. Aliondoka na mkeka na hakuonekana kwa siku nne. Haki ya Mungu sijawahi kufanya kazi kama zile siku nne. Nilimwaga makopo yote sakafuni. Nilifungua kila kifurushi, nikakata mikato mirefu iwe picha moja moja, nikapanga kwa ukubwa, filamu pana huku, nyembamba kule, nikaandika namba kwa wino mweupe na rejesta ya kurasa arobaini. Zile karatasi nilimpelekea Mama Subila jikoni, naye akawashia moto wa maharage. "Makaratasi haya yanawaka vizuri," akasema, naye hakujua zaidi yangu. Kwenye daftari nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: nimepanga kumbukumbu za studio kwa utaratibu wa kisasa. Miezi michache baadaye mwalimu wangu aliandika pembeni ya mstari huo kwa kalamu nyekundu, Vizuri sana. Ni hapo tu katika daftari zima alipoandika hivyo.

Mzee aliporudi alisimama mlangoni mwa stoo na koti lake la msiba. Nilikuwa nimetabasamu, mpumbavu mimi, nasubiri sifa. Alishika kopo moja, akalitazama ndani, akalirudisha. "Karatasi ziko wapi?" Nikamwambia. Angenifokea ningeshukuru. Alikaa tu juu ya mkeka wangu, jambo ambalo mwanaume wa umri wake asingelifanya, akaanza kunieleza taratibu kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kwamba Kyela hakuna anayekuja kupiga picha peke yake. Watu huja na wenzao wa rika, waliokua pamoja na kujenga pamoja, na hata akipigwa mmoja wengine wako benchi wanamcheka. Kwamba majina hayasaidii. "Akina Tumaini wako wangapi Kyela? Akina Lugano?" Kwa hiyo kila kopo lilikuwa la watu wa njia moja ya kuingilia mjini, na kila karatasi ilikuwa kundi moja, na michoro ndiyo iliyomkumbusha: hawa ni wale wa baiskeli mbovu, hawa ni wale watatu waliokuja na ndizi. "Ulichonipangia ni kizuri, binti," akasema. "Ila sasa simjui mtu hata mmoja humu ndani." Mungu wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Haikupita wiki akaja Mama Lugano. Alikuwa Mkisi, mfinyanzi, ametoka Ikombe kule ng'ambo ya Matema, ziwani, na alikuja juu ya gari lililoleta vyungu vilivyofungwa kwa majani makavu. Udongo mwekundu ulikuwa bado kwenye kucha zake. Alisalimia kila mtu mpaka kuku, akakaa benchi, akaeleza shida yake bila kulia. Mwanawe Lugano alikuwa anavusha mizigo kwa baiskeli kwenda Karonga, ng'ambo ya Songwe. Aliugua huko huko, akafa huko huko, na watu wema wa huko wakamzika kabla habari haijavuka mto. "Mimi nimeletewa sanduku na viatu," akasema. "Hata nywele yake sijaiona. Sasa siku ya kumaliza matanga imepangwa, ndugu wanakuja, na kila mtu ananiuliza tutamlilia nani, hili sanduku?" Lugano alipiga picha mara moja tu maishani, hapo Mbugani, na nakala yake alimpa msichana ambaye ameshaolewa mbali. Mzee akauliza kama kawaida yake, "Alikuja na nani?" Uso wa mama ukang'aa. "Na wenzake watatu! Walikuja na boti mpaka Matema, halafu kwa miguu, na mmoja alikuwa na gitaa la bati." Nilimwona Mzee anainua mkono kuelekea stoo, kama alivyozoea miaka yote, halafu anaushusha.

Wakati mama anakunywa chai, Mzee aliniita uani. "Fomu yako nitaisaini," akasema, "siku yule mama atakapotoka hapa na mwanawe. Kabla ya hapo usiniletee kalamu." Wiki zilizobaki za muhula zilikuwa tano. Matanga nayo yalikuwa mwisho wa hiyo ya tano.

Nikaanza kutafuta uso wa mtu nisiyemjua. Nilisimama dirishani kutwa nzima na negativu juu ya kioo, na kwenye negativu kila mtu ni yule yule, uso mweupe, meno meusi, macho kama ya samaki wa kuchoma. Gitaa halikunisaidia, maana kila mmoja alipigwa peke yake na mikato nilishaikata, wanne walikuwa wametawanyika kwenye makopo kwa akili yangu mwenyewe ya kisasa. Mama hakuweza kumtambua mtu kwenye negativu, kwa hiyo kila kijana wa umri ule ilibidi nimsafishe kwenye kipande kidogo cha karatasi. Umeme ukikatika tunakaa. Ukirudi tunaanza. Kila wiki gari la vyungu likija Mama Lugano anateremka, anasalimia, anakaa benchi, nami namwekea mapajani vile vipande kimoja kimoja. "Si huyu." "Si huyu." "Huyu mzuri, lakini si huyu." Hakukasirika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniua. Nilianza kushindwa kula. Nikifumba macho naona meno meusi. Mama Subila alinisikia nikiongea usingizini nahesabu namba, akamwambia mumewe huku najua kabisa anataka nisikie, "Utamwua mtoto wa watu kwa sababu ya makaratasi." Mzee akajibu, "Na yule mwingine mtoto wa nani?"

Siku ya mwisho ilipofika tulikuwa tumemaliza makopo manane. Keshokutwa yake yalikuwa matanga, na basi langu lilikuwa asubuhi ya kesho yake. Ningelikosa hilo nisingefika chuoni kabla hawajafunga. Nilikuwa na homa, sijui ya malaria au ya hofu. Kwenye vipande vya wiki ile palikuwa na kijana mmoja mwenye paji pana kama la Mama Lugano, amesimama mbele ya jokofu, kola ya shati imemzidi shingo. Nilimtazama muda mrefu. Nikajiambia anafanana naye. Nikajiambia tena. Nikaingia chumba cha giza, nikamkuza mpaka akawa na ukubwa wa sinia, nikachonga penseli nikamkolezea nyusi zifanane zaidi na za mama. Nasema wazi, hakuna aliyenituma. Nilimkausha, nikampangusa kwa kitambaa, na Mama Lugano aliposhuka garini nilimkimbilia mpaka barabarani. "Mama, nimempata!"

Aliikalisha ile picha mapajani. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, na nilimwona anavyoitazama, nami nikajua kwamba amejua. Mtu aliyewapiga picha watu wote wale angekosaje kujua? Mama akapitisha kidole chake chenye udongo pembeni mwa shavu la kijana, bila kuligusa. Nikashindwa kustahimili. "Picha huwa inabadilisha sura, mama," nikamwambia. "Hasa mtu asipozoea kupigwa. Mama mzazi anaweza hata kumsahau mwanawe." Niliyasema hayo kwa mwanamke mwenye umri wa kunizaa, kwa mdomo wangu huu. Akainua macho akanitazama mimi, si picha: mifupa yangu, gauni lililonining'inia. Mzee akauliza kwa sauti kavu, "Ndiye?" Mama akasema, "Ndiye. Ndaga fijo, mwanangu." Asante sana. Mzee alikuwa ameahidi, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Aliketi akasaini, akapumulia muhuri ili wino ulainike, akaupiga, akanipa fomu bila kunitazama usoni.

Niliingia stoo kufunga sanduku. Ukuta kati ya stoo na ua ni wa matofali mabichi, unasikia mpaka mtu akimeza mate. Walikuwa wameketi nje wanazungumza Kinyakyusa, polepole. Kinyakyusa nilikielewa kuliko nilivyokizungumza, na mama hakulijua hilo.

"Yule si Lugano," akasema.

"Najua," akasema Mzee. "Ni kijana wa Ngonga, analima mpunga. Nimemwona sokoni juzi."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

"Mungu amtunze."

Kuku wanaparura. Kisha Mzee akauliza kwa nini basi amesema ndiye.

"Umemwona alivyokonda? Nikisema si huyu, mara nyingine nitakuta amekufa, nao wa kwao waanze kuhangaika na picha. Na Jumamosi watu wanakuja, Ambakisye. Wakilia, wakilia wakimtazama huyu, si watakuwa wanamlilia Lugano? Machozi yatakwenda wapi kwingine?"

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimefundisha, nimezeeka, nimeona kamera zikitupwa na simu zikipiga picha ambazo hakuna anayezifungia karatasi. Mzee aliniandikia barua mara mbili tatu, za mvua, za Mama Subila kuugua, na mimi nikajibu kwa heshima zote. Sikumuuliza kama aliendelea kutafuta, naye hakusema. Sasa amekufa, na jibu ameondoka nalo, na Subila nikimuuliza ataniuliza kwa nini nataka kujua. Nikiwafokea hawa watoto kwa mstari mmoja wa uongo kwenye daftari, wanadhani ni ukali wa uzee.

Siku ile nilitoka mbio bila viatu. Gari lilikuwa limeshawashwa, na Mama Lugano alikuwa juu, kati ya matenga matupu, picha ameifunika kwa kanga mapajani. Nilishika ubao wa gari. "Mama," nikasema kwa Kinyakyusa changu kibovu, "nimesikia. Nisamehe. Si yeye." Abiria wengine wakageuka. Yeye hakushtuka. "Kumbe unasikia lugha," akasema, akatabasamu kidogo. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, na akaniuliza taratibu, asisikie mwingine: "Makopo yamebaki mangapi?"

"Manne," nikasema.

Akaningoja niseme kama nitayamaliza. Dereva alikuwa anapiga honi, utingo anapiga bodi, naye aliningoja kabisa, macho yake machoni mwangu, kama alivyoningoja wiki zote tano kwenye benchi. Fomu ilikuwa ndani ya gauni langu, kifuani, imeanza kulowa jasho. Nikauachia ubao wa gari.

"Safari njema, mama," nikamwambia.